Sauti ya Upande wa Pili

Baba yangu, Mzee Nyaga, alifika Texas mwezi wa nane mwaka 1999, joto likiwa la kulainisha lami, naye amevaa koti la sufu na kofia pana ya mabawa yaliyokunjwa, aliyoinunua mitumbani Embu kwa ajili ya safari hiyo. Tulikuwa tumemzika mama mapema mwaka huohuo. Mimi na dada yangu tuliona asibaki peke yake Runyenjes, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na chumba cha ziada, kule Irving, karibu sana na uwanja wa ndege hata vikombe hutetemeka kabatini, ikaamuliwa aje kwangu. Nilimkumbatia alipotokea na mizigo yake. Nilidhani atalia, au ataulizia choo.

"Everline," aliniambia, "Wade Purdy anaishi upande gani?"

"Wade Purdy gani, Baba?"

Alinitazama kana kwamba nimesahau jina la babu yangu.

Mwanzoni mwa miaka ya sitini, mzungu mmoja aliyekuwa akifunga virago kuondoka Kenya aliuza gramafoni na sanduku la santuri kwa Mzee Gichuki, mwenye hoteli pale sokoni Runyenjes. Baba wakati huo alikuwa kijana wa kupeleka maziwa hotelini. Nyingi ya santuri zile zilikuwa za ngoma za kizungu zisizo na maneno, na wateja walizichoka upesi. Lakini ilikuwapo moja ya muziki wa kantri kutoka Texas, yenye jina la Wade Purdy. Upande wa kwanza ulikuwa na wimbo wa kawaida tu, mwanamume analalamika, gitaa linamsaidia kulalamika. Upande wa pili ndio uliofanya watu waache chai ipoe. Sauti ilianza chini kabisa kifuani, ikapanda polepole, halafu ghafla ikaruka hadi puani na kushuka tena, ikaruka na kushuka, kama mtu anayeteleza kwenye ngazi na kucheka. Mzee Gichuki aliupiga upande ule mpaka sindano ikaanza kuulamba na kutoa sauti ya mchanga.

Baba hakujua Kiingereza cha kutosha. Aliyashika maneno kama sauti tu, akayasema hivyohivyo, na mengine akayatia kwa Kiembu. Neno moja lilirudi kila baada ya ubeti, na yeye alilisikia kuwa ni Sabina. Akaamini kwamba wimbo ule unamwita msichana. Akanunua gitaa, akajifunza kuirusha ile sauti kooni akiwa peke yake na ng'ombe, na baada ya muda alikuwa akiitwa kwenye harusi kutoka Kianjokoma hadi Siakago. Alirekodi santuri moja Nairobi. Alipopata mtoto wa kwanza, dada yangu, alimwita Sabina, na tangu siku hiyo hata mama alimwita yeye Baba Sabina. Baadaye familia ikawa kubwa, akaliweka gitaa juu ya dari na kwenda kuendesha lori la majani chai. Lakini hakuacha kumtaja Wade Purdy. Kwetu lilikuwa jina la nyumbani, kama jina la chifu.

Kwa hiyo alipotua Texas alidhani atawauliza watu wawili watatu na kuonyeshwa nyumba.

Nilianza kuuliza kazini. Wauguzi wenzangu hawakumjua. Daktari mmoja wa Plano aliyejisifu kwamba amezaliwa na muziki wa kantri masikioni hakumjua. Nilimpeleka Baba Fort Worth kwenye duka la santuri za zamani, mwenye duka akakuna ndevu, akaingia stoo, akarudi mikono mitupu. Nyumbani Baba alifungua redio, akazungusha kutoka stesheni moja ya kantri hadi nyingine, na kila wimbo aliousikia ulimfanya akunje uso.

"Hii ndiyo kantri yao?"

"Ndiyo ya siku hizi, Baba."

"Hapana. Tumekosea mahali." Alisema hivyo kwa dhati kabisa, kana kwamba ndege ilimshusha jimbo jingine. "Runyenjes nzima inamjua Wade Purdy. Hapa kwao hakuna anayemjua. Everline, inawezekanaje?"

Nilimwambia labda hakuwa mwimbaji mkubwa. Jioni akaniambia kwamba mtu anayejulikana hadi kwa Mzee Gichuki hawezi kuwa mdogo.

Mwishowe alichukua kitabu cha simu cha Fort Worth na kuanza kuwapigia akina Purdy. Kiingereza chake kilikuwa cha shule ya misheni, kizuri lakini cha polepole, na wengi walikata simu wakidhani anauza kitu. Jumamosi moja nilitoka kuoga nikamkuta amesimama, simu sikioni, kofia mkononi.

"Yes, madam," alikuwa akisema. "Yes, madam. Your husband."

Wade Purdy alikuwa amefariki mwaka 1988. Lakini mkewe alikuwa hai na alikubali tumtembelee.

Alikuwa mama mrefu, mwembamba, nywele nyeupe zimebanwa vizuri. Alitukaribisha kwa chai baridi yenye sukari nyingi na barafu, kitu kilichomshangaza Baba, lakini aliinywa yote kwa heshima. Ukutani palikuwa na picha ya kijana wa kizungu mwenye gitaa. Baba alisimama mbele yake muda mrefu. Kisha akamweleza yule mama, nami nikimsaidia pale alipokwama, habari za hoteli ya Mzee Gichuki, na harusi, na jinsi watu walivyotembea kutoka mbali kuja kuisikia santuri ya mume wake. Mama Purdy alisikiliza akitabasamu, mikono imekunjwa magotini. Alituambia kwamba Wade aliimba miaka minne tu, kuanzia 1952, katika kumbi za ngoma za miji midogo, halafu akaacha na kuuza matairi hadi alipostaafu.

"Na ule wimbo," alisema Baba, "wa upande wa pili." Akafumba macho na kuitoa ile sauti, kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mwenye mali kwamba ameitunza mali yake vizuri.

Nilimwona yule mama akibadilika. Hakukasirika. Alikaa tu tuli, tabasamu likiwa limebaki peke yake usoni.

"Huo mume wangu hakuimba," alisema.

Baba alinigeukia. Alidhani hakusikia sawasawa.

"Anasema hakuimba, Baba."

"Mwambie jina lake limeandikwa kwenye santuri."

Nikamwambia.

"Najua kilichoandikwa," alisema Mama Purdy. "Wade hakuimba wimbo huo, siku ile wala siku nyingine yoyote. Na sipendi kuusikia nyumbani mwangu. Samahani. Mmetoka mbali."

Tuliinuka. Alitusindikiza hadi mlangoni, na tulipokuwa tumeshuka ngazi akasema, kama mtu aliyebadili nia: "Aliyeimba alikuwa wa Houston. Jina lake Leander. Alikuwa akimpigia Wade gitaa. Sijui kama yu hai." Akafunga mlango.

Kwenye gari Baba hakufunga mkanda mpaka nilipomfungia. Tulikuwa tumefika Arlington ndipo aliposema, "Kwa hiyo jina ni la mtu mmoja na sauti ni ya mwingine."

"Ndivyo anavyosema."

"Na mimi nilikuwa nampenda nani?"

Houston si mahali pa kumtafuta mtu kwa jina moja. Mwaka 2000 ulipita hivyo. Baba alikuwa kama mtu aliyepoteza miwani yake ikiwa usoni. Aliweza kuanza kuimba jikoni na kukatiza katikati, akabaki na kijiko mkononi. Nilianza kujilaumu kwa kumleta.

Tulimpata bila kumtafuta. Pasaka ya mwaka 2001 tulialikwa Missouri City, nje kidogo ya Houston, kwa Jedidah, rafiki yangu niliyesoma naye uuguzi Nairobi. Uani watu walikuwa wakichoma nyama, na mtu fulani alikuwa ameleta gitaa la kanisa. Wakamwomba Baba. Alikataa, akasihiwa, akaimba. Alipofika pale pa kurusha sauti, Jedidah alitoka jikoni na sahani ya ugali mkononi.

"Baba Sabina, rudia hapo."

Baba akarudia.

"Ngai! Everline, kuna mzee mmoja kule kazini kwangu hufanya hivyohivyo. Tukimwogesha. Maji yakimgusa mgongoni tu, anaanza, na ni hiyo tune yenyewe, sio ingine." Jedidah alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee mjini Houston.

"Anaitwa nani?" Baba aliuliza.

"Hilo siwezi kusema, Mzee. Watanifuta kazi. Lakini nitamuuliza yeye, na nitauliza binti yake."

Baada ya wiki mbili alinipigia simu. Mzee alikuwa amecheka mpaka akakohoa, akasema kama kuna Mwafrika anayeujua wimbo wake, aje amwone kabla hawajafa wote wawili. Jina lake lilikuwa Leander Batiste.

Siku ya kwenda Baba alivaa tai. Jedidah alitupokea mlangoni na kutupeleka hadi ukumbi uliokuwa na madirisha makubwa, ambako mzee mweusi, mnene, mwenye mabega ya mtu aliyebeba mizigo maisha yake yote, alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, mkono wa kushoto umelala mapajani bila nguvu. Kiharusi kilikuwa kimempata miaka michache nyuma. Baba alimwamkia kwa haraka, kwa adabu, kisha akatazama nyuma yake, na nyuma ya mapazia.

"Yuko wapi?" aliniuliza kwa Kiswahili.

"Ndiye huyu, Baba."

"Huyu ni mtu mweusi."

"Naona."

"Everline, wewe uliisikia ile santuri. Ile ni sauti ya mzungu."

Mzee Leander hakuelewa lugha, lakini alielewa uso. Alicheka kwa upande wa mdomo uliokuwa bado na nguvu. "Mwambie hata wao walidhani hivyo," alisema. "Ndiyo ilikuwa shida yenyewe."

Tulikaa naye hadi alasiri ikaisha, na hii ndiyo habari aliyotupa, nami nikimtafsiria Baba pale lafudhi ilipomshinda.

Alizaliwa mwaka 1929 karibu na mpaka wa Louisiana, baba yake akifanya kazi kwenye mashamba ya mpunga ya watu wengine. Walikuwa na redio, na kila Jumamosi redio ile ilitoa nyimbo za kantri. Wenzake walipenda blues na nyimbo za kanisa, na yeye pia alizipenda, lakini ile sauti ya kuruka ilimwingia akiwa mdogo na haikutoka. Alijifunza kuiga kwa kuwaita ng'ombe. Baba aliposikia hapo alinishika mkono, akaubana.

Familia ilihamia Houston, kwenye mtaa wa watu weusi wa Fifth Ward, na Leander akajifunza lile gitaa linalolazwa mapajani na kupigwa kwa kipande cha chuma. Alilipiga vizuri kiasi kwamba bendi za wazungu zilimtaka. Lakini hazikuweza kumweka jukwaani hivihivi, miaka ile, katika kumbi zile. Kwa hiyo walimkalisha nyuma kabisa, kofia imeshushwa, na mwenye ukumbi akiuliza, walisema ni Mmeksiko kutoka San Antonio.

"Nilijifunza kuamkia kwa Kispaniola, buenas noches," alisema Mzee Leander. "Basi. Siku moja Mmeksiko wa kweli alinijia akitaka kuzungumza. Nilijifanya kiziwi."

Mwaka 1954 bendi ya Wade Purdy ilirekodi katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la samani, Houston. Wade aliimba wimbo wa upande wa kwanza mara nyingi sana, kwa sababu mashine ilikuwa ikikwama, mpaka sauti ikamkauka kabisa. Ulikuwa bado haujapatikana wimbo wa upande wa pili na mwenye chumba alitaka kufunga. Akauliza kama kuna mwingine mwenye kitu chochote. Leander alikuwa na wimbo wake mwenyewe, alioutunga akiwa kwenye basi. Aliuimba mara moja tu. Santuri ilipotoka, jina lililokuwapo pande zote mbili lilikuwa la Wade.

"Ulikasirika?" niliuliza.

"Nilikuwa na miaka ishirini na tano. Nilijisikia redioni nikiwa kwa kinyozi, na wazungu waliokuwa wakipita nje wakasimama kusikiliza. Sijui kama nilikasirika. Nilikuwa nikijisikia, na papo hapo nilikuwa sipo. Wewe ungeitaje hali hiyo?"

Watu hawakujali upande wa kwanza. Kila mahali Wade alipokwenda, waliuitisha ule wa pili. Kwanza alisema koo linamwuma. Koo haliwezi kumwuma mtu mwaka mzima. Basi, Jumatatu moja, Wade Purdy akaja Fifth Ward, akaegesha gari mbele ya nyumba ya akina Batiste huku majirani wote wakichungulia, akamwomba Leander amfundishe ile sauti.

"Alikuja kila Jumatatu. Tulikaa baraza ya nyuma. Mama yangu alimpa kahawa. Alijaribu, Mungu anajua alijaribu, lakini sauti yake ilivunjika kama ya jogoo mchanga. Tulicheka sana. Nilimpenda. Halafu anaondoka, na Ijumaa tukiwa kazini hanitazami, mimi ni yule Mmeksiko wa nyuma."

"Alikuwa rafiki yako," Baba alisema kwa Kiingereza chake cha polepole, "au hakuwa?"

Mzee Leander alifungua mkono wake mzima na kuufunga. "Ngoja nikwambie kilichotokea Lufkin, halafu wewe uniambie."

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1955, ngoma kubwa, ukumbi umejaa. Watu waliuitisha ule wimbo tangu mwanzo. Wade akasema koo. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba yeye ni mwongo. Wengine wakachukua neno hilo. Wade aliachia kipaza sauti. Kisha akageuka, akamshika Leander begani, akamwinua kutoka kwenye kiti, akamleta mbele kwenye mwanga, akamvua kofia. Akasema, "Huyu ndiye mwimbaji wenu." Akashuka jukwaani.

"Na wewe?" niliuliza.

"Ningefanya nini? Niliimba."

Aliimba wimbo wote. Wachache walipiga makofi, mwanamke mmoja mbele alikuwa analia, wengine walitoka, na kutoka nyuma palianza kurushwa chupa. Mwenye ukumbi akazima taa. Mpiga fidla alimtoa Leander kwa mlango wa jikoni na kumwendesha moja kwa moja hadi Houston. Baada ya hapo hakuna ukumbi uliomwita Wade Purdy wala yeyote aliyepiga naye. Santuri ikaacha kuchezwa redioni. Leander akaenda bandarini, akapakia na kupakua meli hadi uzee, akaoa, akaimba besi katika kwaya ya kanisa. Hakuonana na Wade tena.

"Sasa niambie," alisema. "Alinipa wimbo wangu mbele ya watu, akajua utamgharimu kila kitu? Au alichoka kuzomewa akanitupia mimi, wanirarue mimi badala yake? Begani alinishika kwa nguvu. Miaka yote hii najaribu kukumbuka ule mkono. Siku nyingine ni mkono wa ndugu. Siku nyingine unanisukuma."

Baba alikuwa ametazama sakafu. Aliniomba nimtolee kwenye gari gitaa tulilokuwa tumeazima.

Aliimba kama alivyoimba siku zote, Kiingereza chake cha kubahatisha kikiwa kimeshonwa na Kiembu. Mzee Leander aliinamisha kichwa. Ile sauti iliporuka aliifuata kwa mdomo bila kuitoa. Lakini maneno yalimpita. Wimbo ulipokwisha aliniuliza, "Huyo Sabina ni nani?"

"Msichana wa wimbo wako," alisema Baba.

"Hakuna msichana kwenye wimbo wangu."

"Unamwita kila baada ya ubeti!"

"Sabine," alisema Mzee Leander. "Ni mto. Mto Sabine, mpakani na Louisiana. Mtu amesimama ukingoni, hajui kama avuke au arudi. Hakuna zaidi ya hapo."

Sijawahi kumwona Baba akiwa vile. Aliniangalia, akaangalia gitaa, akamwangalia Jedidah aliyekuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili. "Nina binti," alisema hatimaye. "Ana miaka thelathini na mitano. Ni mwalimu mkuu."

Mzee Leander alicheka hadi Jedidah akaja kumnyoosha kitini. Alipotulia alimwomba Baba amwambie maneno ya Kiembu yana maana gani, na Baba akamwambia, kwa aibu kidogo: Sabina, umefurika leo, nitapita wapi? Alikuwa ameweka hilo la kufurika kwa sababu liliingia vizuri kwenye tuni. Mzee Leander hakucheka. Akaomba arudiwe maneno hayo, polepole, bila ile sauti.

Tuliporudi Irving Baba hakutulia. Kichwani mwake shauri lile la Lufkin lilikuwa na shahidi mmoja aliyebaki, naye alikuwa Fort Worth. Nilimwambia amwache yule mama na amani yake. Alimpigia simu nikiwa kazini. Alinieleza jioni, ameketi ukingoni mwa kochi.

"Nilimwambia nimemwona Leander. Nikamuuliza tu, kwa nini Wade alifanya vile. Akaniambia alikuwa naye kwenye gari wakirudi kutoka Lufkin. Alisema Wade alicheka njia nzima, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Halafu walipofika getini akalia. Mkewe hakumuuliza kitu. Aliishi naye miaka thelathini na zaidi baada ya hapo, na hakumuuliza."

"Kwa hiyo hajui."

"Alidhani Leander ndiye anayejua. Ameishi akimchukia kwa sababu hiyo, kwamba yule mwingine anajua kilichokuwa moyoni mwa mume wake, na yeye hajui."

Baba alimpelekea Mzee Leander habari ile. Tulikwenda Houston mara kadhaa zaidi mwaka ule na uliofuata. Nilidhani itampunguzia mzigo, au itamwongezea. Alisikiliza yote, kicheko na kilio, akauliza, "Alilia kwa ajili yangu au kwa ajili yake?" kisha akaguna, akajijibu mwenyewe kwamba huenda hata Wade hakujua. Akataka tuzungumze mambo mengine. Alitaka kusikia kuhusu Mzee Gichuki. Hilo ndilo jambo alilolipenda kuliko yote, kwamba wazee waliokaa milimani na chai mikononi walimsikiliza yeye bila kujua rangi yake, na kwamba nao walimdhania mzungu. Mara nyingine lilimfurahisha. Mara nyingine lilimnyamazisha hadi tukaaga.

Alifariki mwezi wa pili mwaka 2003. Binti yake alimwomba Baba aimbe kanisani, Fifth Ward. Kwaya ilikuwa imeimba kwa nguvu za kutikisa madirisha, na mimi niliona aibu mapema kwa niaba ya Baba, mzee mdogo wa umbo mwenye gitaa la kuazima. Alipoanza, waumini walitazamana. Hawakuijua ile sauti. Wengi wao hawakuwahi kumsikia Leander akiimba chochote ila besi. Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo, halafu wengine wakaanza kupiga makofi, si kwa mahadhi kamili, wakitafuta mahali pa kuyaingiza, na Baba akiendelea kumwita Sabina, akiwa sasa anajua ni mto. Binti wa marehemu alikuwa na uso wa mtu anayetambulishwa kwa baba yake. Baadaye kwenye chakula aliniuliza kama nina hakika kwamba ule wimbo ulikuwa wa mzee wao. Nikamwambia ndivyo yeye mwenyewe alivyotuambia.

Baba alirejea Kenya mwaka uleule. Alisema ameshafanya lililomleta. Sikuwa na uhakika kama alikuwa amelifanya, na yeye pia nadhani hakuwa.

Nilimtembelea Desemba. Mzee Gichuki alikuwa bado hai, haoni vizuri, mwanawe ndiye mwenye hoteli. Baba aliwaeleza wote pale, kuanzia mwanzo: chumba nyuma ya duka la samani, Mmeksiko wa uongo, Jumatatu za Fifth Ward, mkono begani. Walimsikiliza kwa heshima. Kisha Mzee Gichuki akasema, "Nyaga, hao watu wamekudanganya. Mimi nimeisikiliza sauti ile zaidi yako. Ile ni ya mzungu."

"Nimekaa naye, Mzee. Tumeshikana mikono."

"Umeshikana mikono na mtu mmoja mweusi wa Houston. Sijakataa."

Mabishano yakaanza. Mmoja alisema mtu mweusi anaweza kuimba chochote akitaka. Mwingine akauliza kwa nini basi alikubali jina la mwenzake. Wa tatu alimtetea Wade Purdy vikali, kama anamtetea shemeji yake, na mwanamke aliyekuwa akikanda chapati akasema kwamba Wade alikuwa mwoga tu, na mwoga naye siku moja huchoka. Dada yangu Sabina, aliyekuwa amepita kununua mkate, aliuliza kama kuna mtu aliyefikiria kumuuliza yeye anajisikiaje kuwa mto. Walicheka, wakamsogezea kiti, wakaendelea.

Nilimtazama Baba. Nilidhani atawakatiza, kwa sababu ni yeye peke yake aliyekuwa amewaona wote wawili, mama wa Fort Worth na mzee wa Houston. Alikuwa akimgeukia kila aliyesema, akitikisa kichwa kukubali, akimkubali na aliyefuata pia. Nikamuuliza kwa sauti ya chini yeye anaamini lipi.

"Huyu wa chapati nimemsikia," alisema. "Lakini ngoja kwanza nimsikie na huyu."